Dakika za Rubani Mlinzi

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama. Chumba walichonipa kiko nyuma ya karakana ya ndege: kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta. Kinanitosha. Asubuhi naamshwa na fundi anayejaribu injini, jioni nalazwa na huyo huyo. Jirani yangu, rubani mwenzangu tuliyeajiriwa wiki moja, analalamika kila siku. Mimi hata siisikii tena.

Nimekupigia simu mara mbili ukakata. Nikakumbuka usemi wako kwamba mambo ya vitabu huzungumzwa kwa kalamu. Basi kalamu ndiyo hii.

Rubani Mkuu wa hapa ni mama mmoja mfupi, hasemi jambo mara mbili. Ametuambia kwamba kabla ya mtihani wa tarehe 20 Machi kila mmoja athibitishe saa alizorusha kwa kutazama vipimo peke yake, bila kuona nje. Zisipungue arobaini. Mimi ninazo arobaini na sita na dakika kumi, na zote nimerusha nikiwa nimevaa ile kofia yetu ya kuziba macho, wewe ukiwa kiti cha kulia ukinitazamia nje. Kwa hiyo hakuna mwingine wa kuthibitisha. Wewe ndiye shahidi wangu wa pekee. Wanataka barua yenye sahihi yako: namba ya leseni, na cheti chako cha afya kilianza lini na kikaisha lini.

Kwenye fomu kulikuwa na swali la mama. Nikaandika jina lake, nikaweka alama kwenye kisanduku cha "amefariki", nikaenda swali linalofuata. Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu tumzike. Usiwe na wasiwasi, nakula.

Mpwa wako.


13 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba mara mia.

Barua yako imenikuta nikiwa na goti lililofungwa kitambaa. Nilikuwa juu ya ngazi nikizibua mfereji wa bati, nikakosa kidaraja kimoja. Si kitu. Mke wangu amelipaka dawa na maneno, na maneno ndiyo yaliyouma zaidi.

Umenifurahisha kugusia kazi ya rubani mlinzi, yule wa kumtazamia mwenzake nje, maana vijana wengi hudhani ni mtu wa kupunga upepo. Rubani mlinzi si abiria wala si pambo. Aliyevaa kiziba haoni nje, kwa hiyo macho ya ndege nzima ni ya mwenzake. Ndiyo sababu sheria inamhesabu kuwa mtu wa lazima katika ndege, na ndiyo sababu inamruhusu kuandika saa kitabuni mwake. Lakini aandike zipi? Dakika zile tu ambazo mwenzake amefunikwa. Kupaa si kwako. Kutua si kwako. Safari ikiwa ya saa moja na nusu, na kiziba kikavaliwa saa moja na dakika tano, zako ni saa moja na dakika tano, ulie usilie. Na aliyevaa kiziba sharti aandike jina la mlinzi wake, la sivyo saa zake ni hewa. Nilimjua bwana mmoja aliyejiandikia mpaka dakika alizokuwa akinywa chai klabuni! Kitabu cha rubani hakisemi uongo. Anayesema uongo ni rubani.

Nimeambatisha barua ya ofisi yenye namba ya leseni na sahihi yangu. Hayo mengine ni ya kawaida, wataelewa wenyewe. Mwambie huyo mama kwamba nimerusha miaka thelathini na mmoja bila kuvunja hata taa.

Kula kweli, usile kwenye barua tu.

Mjomba wako.


22 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako wameirudisha. Rubani Mkuu ameweka kidole kwenye nafasi ya cheti cha afya, akasema, "Hapa pako wazi." Basi. Akaendelea na kazi zake.

Tafadhali andika tarehe. Pia wanataka nakala ya kurasa za kitabu chako za mwaka jana, ili wakilaze sambamba na changu, dakika kwa dakika. Wanawafanyia wote hivyo, usifikiri ni mimi tu. Zimebaki wiki nne.

Pole na goti.

Mpwa wako.


1 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila mdomo unaniwasha, na dawa ya mdomo unaowasha ni kusema.

Kapteni, mjomba wako, hajui kwamba nakuandikia. Amekwenda kwa kinyozi. Barua yako ya pili ameisoma mara nne, akaikunja, akaiweka chini ya godoro kama mtoto aliyefeli mtihani. Tangu siku hiyo anakaa barazani na kile kitabu chake mapajani, hakifungui.

Mwanangu, jicho lake la kushoto halioni. Wanasema ni presha ya jicho, imekuja polepole kama mwizi. Mimi niligundua kwa chai. Alimimina pembeni ya kikombe, nikamwambia, "Kapteni, leo umetua nje ya uwanja." Hakucheka. Nikajua hapo pana jambo.

Mwezi wa Mei mwaka jana alikwenda kwa daktari wa marubani. Alirudi akasema amepita. Mwezi wa Julai nikitafuta mkasi kwenye droo nikaiona bahasha. Hakupita. Walimnyima cheti. Nikamwuliza, "Sasa mbona bado unakwenda uwanjani?" Akanijibu, "Namsindikiza mtoto tu. Anayerusha ni yeye." Mimi mambo ya ndege siyajui. Nikanyamaza. Kwa hiyo kosa lina mikono miwili, na mmoja ni wangu.

Nimekitoa kitabu chake asubuhi nikaenda kukipiga nakala pale kwenye duka la vifaa vya shule. Zimo ndani ya bahasha hii. Nilitarajia kuona uongo mwingi. Nimeona ukurasa mweupe. Wewe utaelewa zaidi yangu.

Usimchukie. Ukimchukia, nimchukie nani mimi ninayemfulia?

Mke wa mjomba wako.


8 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimepata nakala ya kitabu chako. Usiulize nimeipata wapi, na usimkaripie mtu.

Nimevilaza vitabu viwili mezani. Mpaka tarehe 9 Mei vinakwenda pamoja. Siku hiyo mimi nina dakika hamsini na tano chini ya kiziba, na wewe una hizo hamsini na tano. Tarehe 16 Mei mimi nina saa moja na dakika ishirini, jina lako liko pembeni kwa mwandiko wangu. Wewe huna kitu. Tarehe 30 Mei, vivyo hivyo. Nimehesabu mpaka Oktoba. Ni safari kumi na moja, saa kumi na nne na dakika ishirini. Kwangu zipo, kwako hazipo.

Nikizitoa nabaki na saa thelathini na moja na dakika hamsini.

Nimekaa nikisubiri nisikie kitu ndani yangu. Fundi amemaliza injini moja akaanza nyingine. Sijasikia kitu. Nimefua soksi.

Nina swali moja. Tarehe 27 Agosti. Tulikuwa futi elfu nne na mia tano, nami nimevaa kiziba, naona sindano za vipimo na mikono yangu tu. Ghafla uliunyakua usukani ukaisukuma ndege chini mpaka kalamu yangu ikagonga dari. Ulipiga kelele, "Ndege!" Nikauliza, "Yuko wapi?" Ukainyoosha ndege, kisha ukasema, "Mwewe. Keshapita." Nikacheka. Nilicheka mpaka kiziba kikalegea, ukaniambia nikikaze. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tumzike mama, ndiyo maana niliandika kitabuni, kwenye safu ya maelezo: mwewe mkubwa.

Alikuwa mwewe?

Mpwa wako.


15 Machi

Mpwa wangu,

Haikuwa mwewe.

Ilikuwa ndege ya mafunzo, nyeupe, ina mstari mwekundu ubavuni. Ilitokea kushoto kwako. Upande huo mimi naona kama mtu anayechungulia kupitia gunia. Nilipoiona ilikuwa imekwisha jaza dirisha. Niliiona miwani ya rubani wake. Niliona kinywa chake kimefunguka. Tulipita chini yake. Kwa futi ngapi sijui, na sitaki kubuni.

Niliposema "ndege" nilisema kweli. Ni wewe uliyeuliza "yuko wapi" badala ya "iko wapi", na hapo nikaona mlango wa kutokea. Nikatoka. Kisha ukacheka. Ulivyocheka, mwanangu, nikashindwa kurudi ndani.

Jioni ile yule rubani alinipigia simu. Ni mwalimu wa uwanja wa jirani, nimemjua tangu akiwa mwanafunzi. Akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unatazama wapi?" Nikamwambia jua lilinipiga usoni. Akasema, "Nilikuwa na mwanafunzi. Binti wa miaka kumi na tisa." Kisha akasema hatapeleka taarifa, kwa heshima ya miaka yangu. Na mimi nikashukuru! Baada ya siku hiyo nilipanda tena na wewe mara nne.

Umeuliza kuhusu kitabu changu, au hukuuliza lakini umekitaja, ni yale yale. Kila tuliposhuka nilikifungua, nikashika kalamu, nikakifunga. Sikuweza kuandika uongo kwa mkono wangu. Nikakuacha wewe uuandike kwa mkono wako, nawe hujui. Nilijiona mtu safi kwa sababu ukurasa wangu ni mweupe. Miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watu sheria, na sheria nikaitumia kujifutia vidole.

Kwa sheria, safari zile kumi na moja hukuwa na mlinzi. Ulikuwa peke yako hewani na macho umefunikwa.

Sababu? Baada ya kumzika dada yangu ulikuwa huongei. Ulikuja kwetu ukakaa kwenye kiti kile cha jikoni, ukaulizwa unataka nini, ukainua mabega. Lakini ndani ya ndege ulikuwa ukitaja: mwinuko huu, mwelekeo huu, kasi hii. Ilikuwa sauti yako. Nikaona afadhali tarakimu kuliko ukimya. Daktari aliponiambia basi, nilifikiri, nikimwambia ataacha kuja, na akiacha kuja atanyamaza moja kwa moja. Hiyo ni nusu ya sababu, na ni nusu nzuri. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kuruka. Nisijifanye mtakatifu.

Sikuombi unifiche. Wala siwezi kukushauri uandike nini, mdomo huo sina tena.

Mjomba wako.


18 Machi

Kwa Rubani Mkuu,

YAH: MAREKEBISHO YA KITABU CHANGU CHA SAFARI

Tafadhali rejea fomu niliyowasilisha mwezi Februari.

Safari kumi na moja kuanzia tarehe 16 Mei hadi tarehe 10 Oktoba mwaka jana nilizirusha nikiwa nimefunikwa macho, na rubani mlinzi niliyemwandika hakuwa na cheti cha afya wakati huo. Sikujua. Sasa najua. Nimezipiga mstari kwa wino mwekundu, saa kumi na nne na dakika ishirini, na kuweka sahihi kila mstari. Saa zinazobaki ni thelathini na moja na dakika hamsini, hivyo sijatimiza saa zinazohitajika kwa mtihani wa tarehe 20.

Aidha, naeleza kwamba tarehe 27 Agosti tulikaribia kugongana na ndege nyingine. Maelezo niliyoandika siku hiyo kwamba ni mwewe si sahihi. Ilikuwa ndege ya mafunzo yenye watu wawili.

Rubani mlinzi huyo ni ndugu ya marehemu mama yangu.

Wako mtiifu,
Rubani mwajiriwa mpya, chumba namba 6.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Hujajibu barua yangu. Sikulaumu. Hii naandika ili uwe na habari, si ili unijibu.

Jumatano nimekwenda kurudisha leseni. Nilivaa suti. Mke wangu akaniuliza kama nakwenda harusini, nikamwambia nakwenda talaka. Pale dirishani alikuwepo karani mwenye kompyuta. Akaniuliza, "Sababu ya kurudisha, mzee?" Nikasema, "Andika: aliruka akiwa hastahili." Akatazama kioo chake akasema, "Hicho kisanduku hakipo. Kuna kustaafu, kupoteza na kufariki." Nikamwambia basi anitafutie mkubwa wake. Mkubwa wake akaja na kiti. Nimesimulia yote na kutia sahihi kurasa tatu, na lile la 27 Agosti limo. Yule mwalimu nilimpigia kwanza. Nikamwambia asinibebe tena. Akasema, "Ulichelewa, mzee, lakini asante." Wataniita kwenye kikao, tarehe bado.

Mkubwa yule alisema barua yako iliwafikia kupitia kwa mwajiri wako siku moja kabla yangu. Alidhani nitakasirika. Nilijisikia kama mtu aliyebebewa mzigo akiwa bado anautafutia kata ya kichwani.

Jambo jingine dogo. Jicho la kulia nalo limeanza. Watalifanyia upasuaji tarehe 24 mwezi huu ili lisiende njia ya mwenzake. Usihangaike, mke wangu yupo.

Mjomba wako.


12 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri nikasirike kwanza. Niliona ni heshima kukuandikia nikiwa na hasira kuliko kukuandikia nikiwa sina kitu. Nimesubiri wiki nne. Haijaja. Nisingoje tena.

Nikupe habari kwa mpangilio. Kabla sijaandika ile barua, jirani yangu aliniambia, "Wewe jaza tarehe yoyote ya cheti. Nani atasafiri kwenda kuchungulia macho ya mjomba wako?" Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na kisanduku kilikuwa kidogo, tarakimu nane tu. Nilikitazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikamfikiria yule binti wa miaka kumi na tisa, kwamba hata yeye alikuwa na kitabu, na siku ile aliandika nini kwenye safu ya maelezo. Nikafunga kalamu.

Rubani Mkuu aliisoma barua yangu mbele yangu. Akauliza, "Nani amekushauri uandike hivi?" Nikasema hakuna. Akauliza, "Unajua nafasi yako ya mtihani anaichukua mwingine?" Nikasema najua. Akasema, "Basi kaa hapo mezani kwa mpanga safari, upange mizigo na kupima uzito mpaka utakapotimiza saa zako." Alipofika mlangoni akageuka, na wewe unajua hana kawaida ya kuongeza neno. Akasema, "Pole na mama yako." Nadhani alikuwa ameiona fomu tangu Februari.

Kwa hiyo napima mizigo. Watu wana mizigo mizito, Mjomba, na wote huapa kwamba ni nguo tu.

Jumamosi jirani yangu alihitaji rubani mlinzi. Cheti changu cha afya kiko hai mpaka mwakani, nikampa akione kabla hajauliza. Yeye akavaa kiziba, mimi nikakaa kulia. Sikuwa nimetazama nje kwa muda mrefu, hilo nimeligundua nikiwa huko juu. Mwaka mzima nilikuwa nafunga ule mkanda wa kiziba kichwani na kuona nimefika nyumbani. Sindano sita, mikono miwili, basi. Wewe ulinificha mambo, lakini na mimi nilikuwa nimekuja pale kujificha. Ungeniambia ukweli mwezi wa Mei ningekwenda kutafuta giza jingine. Sisemi hivyo ili kukuosha. Nasema ili usijipe kosa ambalo ni langu.

Nilitazama mpaka shingo ikauma. Kuna barabara, kuna mabati ya watu, kuna mtu alikuwa anaanika mashuka juu ya nyumba ya ghorofa. Dakika hamsini na mbili. Nimeziandika hizo tu. Za kupaa na kutua nimemwachia mwenyewe.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nitafika tarehe 23 kwa basi la mchana, msije kunipokea. Asubuhi ya tarehe 24 nitakupeleka hospitali mimi, mke wako apumzike. Nimekwisha mwandikia, amekubali, kwa hiyo usianze ubishi.

Habari za leseni na kikao tutaziacha mlangoni. Kuna jambo moja nataka uniambie tukiwa tunasubiri kuitwa. Siku ile ya mwisho, mama alifungua macho akasema kitu. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika chupa ya maji, na niliona midomo yake ikienda. Wewe uliinama ukamjibu, "Nimesikia, dada." Mimi sikusikia. Sijawahi kukuuliza. Sasa nauliza.

Mpwa wako.